Sakafu yako haiko levo: kabla hujajifungia kabati za jiko mwenyewe

Sina ugomvi na mtu anayetaka kufunga kabati zake mwenyewe. Kama seremala ameshakuchongea mabox yakaja yamesimama, kufunga ni kazi ya kichwa zaidi kuliko nguvu, na hela ya fundi inabaki mfukoni. Ila kuna maneno nayasikia kwa wateja kila siku mpaka nimechoka, acha niyaseme hapa mara moja.

"Marumaru zimeshapigwa, kwa hiyo sakafu iko levo."

Hii ndo inaniua kabisa. Jamani, fundi marumaru kazi yake ni sakafu ipendeze, hakutengenezei meza ya pool! Tena majiko mengi sakafu inalazwa makusudi ielekee mlango wa nyuma au kwenye tundu la maji, ili ukideki maji yaende yenyewe. Ukuta wa mita 4, kona hii na kona ile kupishana sentimita 2 ni jambo la kawaida sana, na kwa macho huwezi kuona.

Sasa mtu anaanza kwenye kona kwa sababu kona ndo imekaa kama mwanzo. Anaweka box la kwanza, pimamaji juu, kapovu katikati, safi. La pili analilinganisha na la kwanza, la tatu na la pili, akifika upande wa friji sakafu imepanda na box la mwisho limezidi kimo. Hapo ufanyeje? Miguu inainua tu, haishushi, labda uanze kukata kabati kwa chini au ufumue yote.

Wengine wanaliacha hivyo hivyo, wanasema graniti itaficha. Graniti ya sentimita 2 mita moja ya mraba ina kama kilo 54, ukiilaza juu ya mabox yaliyopishana inakalia mawili inaruka la tatu, na siku ikikatika inakatika palepale kwenye sinki mana pale mbele kimebaki kipande chembamba. Halafu lawama kwa muuza graniti, eti kauza jiwe bovu.

Kabla hujagusa drili nunua mpira wa maji wa kupimia levo, ule mwembamba unaoonyesha ndani, mita 8 hivi zinatosha jiko la kawaida. Leza kama unayo tumia, lakini mpira ni bei ya soda kadhaa na haudanganyi. Ujaze maji mpaka mapovu yote yatoke, ukibakiza povu vipimo vyote vya uongo. Mmoja ashike ncha moja kwenye alama ukutani, wewe zunguka na ncha ya pili, na wakati wa kusoma msizibe ncha kwa kidole. Maji yakitulia piga alama, ukimaliza jiko zima unganisha kwa uzi wa chaki. Pimamaji ya futi 2 inafaa kwa box moja, ukiivuta ukuta mzima makosa madogo yanajumlishana.

Kisha shuka na tepu toka kwenye mstari mpaka chini kila nusu mita. Penye kipimo kifupi kuliko vyote ndo sakafu imepanda, na hapo ndo unaanzia, hata kama ni katikati ya ukuta. Toka hapo panda sentimita 86 ndo juu ya kabati za chini, ukiweka graniti unakuta 88. Kwingine kote unainua kwa miguu ya kuzungusha au vipande vya plaiwudi, ila sio karatasi za boksi zilizokunjwa, zile zinanyonya maji ya kudekia.

Kona nayo usiiamini. Pima 60 upande huu, 80 upande ule, mshazari ukizidi au kupungua 100 kona haijakaa. Wewe fuata mstari wako, uwazi wa nyuma graniti itaufunika. Na hapo konani acha kipande cha kujazia cha sentimita 5, la sivyo droo itagonga mshikio wa droo ya pili na haifunguki.

"Nimeona YouTube jamaa anapiga skrubu tu ukutani."

Jamaa yuko Marekani. Nyuma ya gipsam yake kuna mbao zimesimama, mara nyingi kila inchi 16. Wewe una lipu na tofali, na lipu haishiki kitu. Fisha, kile kiplastiki kinachoshika skrubu tunduni, izame kwenye tofali: ubao wa kabati milimita 18, lipu kama 20, ndani ya tofali 50, hiyo ni skrubu ya inchi tatu na nusu, sio zile fupi za bawaba. Na ipite kwenye ubao mgumu wa juu nyuma ya kabati, sio kwenye hadibodi ya milimita 3. Angalia na unga unaotoka. Drili ikigoma na unga ukatoka laini wa kijivu, tofali zuri. Ukimwagika kama mchanga na tundu linapanuka, tofali lilibaniwa saruji, zima nyundo ya drili, funga kwanza ubao mrefu ukutani kwa fisha nyingi ndo utundike kabati kwenye huo ubao. Na usitoboe juu wala chini ya soketi, waya zinapita hapo.

"Marini bodi haiingii maji." Hiyo ni plaiwudi, gundi yake ndo inavumilia maji, mbao ni mbao. Popote ulipokata, hasa tundu la sinki, paka rangi ya mafuta. MDF ya kijani nayo, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ile rangi ni ya kuitambua tu, inavumilia unyevu lakini kuloa haiwezi.

"Naanza na za chini." Anza za juu, ukiwa na nafasi ya kusimama. Funga ubao wa muda ulio levo na ule mstari wa chaki, kama sentimita 140 toka chini, kabati likae hapo wakati unatoboa.

"Mlango ukipinda nitarekebisha bawaba." Bawaba inasogea milimita chache tu. Kama mlango ulikuwa sawa ukapinda baada ya kukaza, ujue ukuta una bonde na skrubu imelivuta kabati likajikunja. Legeza, chomeka plaiwudi nyuma penye uwazi, kaza tena taratibu huku unaangalia mlango.