Jiwe la "Mlowezi wa Kwanza" Si Hati ya Shamba

Jamani, hili dai la "Rais Lincoln wa Marekani aliwagawia walowezi mashamba bure" lina mwisho? Jiwe la kumbukumbu mashariki mwa jimbo la Iowa likisema fulani alifika 1839, Sheria ya Homestead, ile ya mashamba ya bure, haimhusu kabisa. Ilipitishwa 1862, ikaanza kutumika Januari 1, 1863. Huyo wa 1839 aliingia kama skwota, yaani alikaa kwenye ardhi ya serikali bila hati, kisha akatafuta pesa: ekari moja ya serikali ilikuwa dola 1.25 kwenda juu, taslimu. Wengine walitumia vyeti vya ardhi ambavyo serikali iliwapa askari kwa utumishi wao, navyo viliuzwa mkono kwa mkono, kwa hiyo jina la askari kwenye hati si ushahidi kwamba aliwahi kukanyaga Iowa.

Ukitaka kuhakiki, anza na kipande cha ardhi kilivyoandikwa kwenye hati, majina baadaye. NE¼ NW¼, seksheni 12, T83N R15W husomwa kutoka nyuma: tafuta mraba wa maili 6 kwa 6 (T83N ni safu ya 83 kuelekea kaskazini, R15W ni ya 15 kuelekea magharibi), ndani yake seksheni ya 12 kati ya 36 (ekari 640), kisha robo ya kaskazini-magharibi, NW¼ (160), kisha robo ya kaskazini-mashariki ya robo hiyo, NE¼. Ekari 40. Wengi hupotelea kwenye namba za seksheni. Zinaanzia pembe ya kaskazini-mashariki, 1 hadi 6 kuelekea magharibi. 7 iko chini ya 6, halafu zinageuka kurudi mashariki. Kwa hiyo 12 iko chini ya 1. Anayedhani kila mstari huanzia mashariki ataiweka 12 maili 5 kutoka ilipo, halafu aje kulalamika kwamba kumbukumbu za serikali ni mbovu!

Kwenye hati tazama sheria iliyotajwa. Aprili 24, 1820 ni mauzo ya taslimu. Mei 20, 1862 ndiyo Homestead. Tarehe ya hati yenyewe huchelewa nyuma ya stakabadhi ya malipo, mara nyingine mwaka na zaidi.

Na "wa kwanza" kwa hesabu ya nani? Wameskwaki, wenyeji wa asili waliotakiwa kuondoka Iowa kufikia Oktoba 1845, walinunua ekari 80 kaunti ya Tama mwaka 1857 kwa dola 1,000. Piga hesabu: mara kumi ya bei ya chini ya serikali, kwenye nchi waliyotolewa.

Hati nazo zina shimo. Skwota aliyeuza dai lake kabla ya mauzo ya serikali hamo. Daftari za wapima ardhi husaidia, ila waliandika zaidi walichokiona kwenye mstari wa mpaka wa seksheni waliokuwa wakiupima. Kibanda kilichokuwa katikati ya seksheni, nusu maili kutoka mstarini, kinaweza kukosekana.