Mapigano ya Kwanza ya Marne ni Yapi?

Mapigano ya Kwanza ya Marne ni yale yaliyopiganwa mashariki mwa Paris, kuanzia tarehe 5 hadi 12 Septemba 1914, ambapo majeshi ya Ufaransa na Uingereza yaliuzuia uvamizi wa Wajerumani mwezi mmoja tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza. Huitwa ya Kwanza kwa sababu mwaka 1918 palipiganwa tena kandokando ya mto huohuo wa Marne.

Ujerumani ilikuwa na maadui pande mbili, Ufaransa magharibi na Urusi mashariki, hivyo ilikusudia kuimaliza Ufaransa katika muda wa wiki sita hivi, kwa kupitia Ubelgiji, kisha igeukie Urusi. Hadi mwishoni mwa Agosti ilionekana kwamba ingefanikiwa, na tarehe 2 Septemba serikali ya Ufaransa ilihamia Bordeaux. Lakini askari wa Jenerali von Kluck, waliokuwa pembeni kabisa upande wa kulia, walikuwa wamechoka kwa kutembea mfululizo, na badala ya kuizunguka Paris kwa magharibi walikata kuelekea kusini-mashariki, wakaupa mji huo ubavu wao, yaani upande wao ambao ungeweza kushambuliwa kwa urahisi. Marubani wa Ufaransa waliliona jambo hilo kutoka angani. Jenerali Gallieni, aliyekabidhiwa ulinzi wa Paris, alimhimiza mkuu wa majeshi, Joffre, asiiachie nafasi hiyo ipite.

Jeshi la Sita la Ufaransa, chini ya Jenerali Maunoury, liliposhambulia karibu na mto Ourcq, Kluck aligeuza vikosi vyake kulikabili, na kwa kufanya hivyo aliacha mwanya wa kilomita zipatazo 50 kati yake na jeshi la Kijerumani lililokuwa jirani, la Jenerali von Bülow. Ndani ya mwanya huo waliingia Waingereza na Jeshi la Tano la Ufaransa, tena kwa mwendo wa tahadhari kupita kiasi.

Watu wengi wanakumbuka zaidi teksi za Paris, zipatazo 600, zilizobeba askari usiku kwenda mstari wa mbele huku mita zikiendelea kuhesabu nauli, ambayo baadaye ililipwa na serikali. Kisa hicho ni cha kweli na kiliwatia moyo raia, ila askari waliobebwa walikuwa elfu chache tu katika mapigano yaliyohusisha zaidi ya watu milioni moja.

Kwa maoni yangu, kilichoamua matokeo zaidi ni mawasiliano. Mkuu wa majeshi ya Ujerumani, von Moltke, alikuwa Luxembourg, mbali na mapigano, na taarifa zilimfikia zimechelewa. Tarehe 8 Septemba alimtuma kwa gari Luteni Kanali Hentsch, ofisa wa cheo cha chini kuliko majenerali aliowaendea, akajionee hali. Hentsch alimkuta Bülow amekata tamaa na yuko tayari kurudi nyuma. Kesho yake alifika makao makuu ya Kluck, ambaye bado alikuwa akimsukuma Maunoury nyuma, na huko akaagiza kwamba jeshi hilo nalo lirudi.

Wajerumani walirudi hadi mto Aisne, wakachimba mahandaki. Tarehe 14 Septemba nafasi ya Moltke ilichukuliwa na von Falkenhayn. Kila upande ulijaribu kumzunguka mwenzake kwa kaskazini bila mafanikio, hata ilipofika Novemba mahandaki yalikuwa yametanda kutoka Bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi, na mstari huo haukusogea sana hadi mwaka 1918.