Kwani watu wa IT huwa mnafanya nini?

"Mfumo ukiwa shwari, IT wamekaa bure."

Kati ya kauli tunazotupiwa sisi mafundi wa kompyuta wa ofisini, hii ndiyo inayouma kuliko zote. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu la usalama kwenye Windows. Mei 12 mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapenya kwenye tundu lilelile, kikafunga mafaili ya watu katika nchi zipatazo 150 na kuvuruga hospitali nyingi za Uingereza. Fundi aliyekuwa amebaki ofisini usiku, akaweka sasisho hilo kompyuta moja baada ya nyingine, aliwaokoa wenzake wote, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Asubuhi yake pengine aligombezwa kwamba mashine zimechelewa kuwaka.

"'Zima uwashe' ni jibu la mvivu."

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi ukizizima hazizimiki kabisa. Kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili mashine iwake haraka, na hitilafu inaweza kulala humo humo. Mfanyakazi anayeapa kwamba amezima mara tatu anasema kweli kabisa. Abonyeze Restart, hapo ndipo mfumo unaanza upya.

"Kubadili nywila kila siku 90 ndiyo usalama."

Sharti hili linawachosha wafanyakazi na kutugombanisha nao bure. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliacha kulipendekeza mwaka 2017, na Microsoft ikaliondoa kwenye miongozo yake ya Windows mwaka 2019. Mtu akilazimishwa, Juma2024 inakuwa Juma2025. Nywila ndefu isiyotumika kwingine, pamoja na uthibitisho wa hatua mbili, inalinda zaidi. Mafundi wengi wanalijua hilo, ila sera husainiwa na wakubwa, na lawama hushukia dawati letu.

"Intaneti ikikatika, IT wamezembea."

Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya zinazoleta intaneti Afrika Mashariki, ilikatika chini ya bahari, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokwama. Mkongo wa namna hiyo huunganishwa na meli maalumu. Fundi wa ofisi anachoweza ni kuhamishia mawasiliano kwenye njia nyingine, ikiwa kampuni ilishailipia. Ombi la njia hiyo ya pili ndilo hukatwa mapema kwenye bajeti, kwa maelezo kwamba iliyopo haisumbui.