Viti 12 kati ya 17 Bila Serikali: Uchaguzi wa Tonga wa 2010

Tarehe 25 Novemba 2010 wananchi wa Tonga walichagua bunge ambalo, kwa mara ya kwanza katika historia ya ufalme huo, wengi wa wajumbe wake wangetokana na kura za watu wa kawaida. Chama cha Demokrasia cha Visiwa Rafiki, kilichoongozwa na mwalimu wa zamani ʻAkilisi Pōhiva, kilishinda viti 12 kati ya 17 vya wananchi. Vitano vilivyobaki vilichukuliwa na wagombea binafsi. Hakuna chama kingine kilichoambulia kiti. Tarehe 21 Desemba bunge likakutana kumchagua waziri mkuu, na aliyeshinda hakuwa Pōhiva. Alikuwa Lord Tuʻivakanō, kabaila mwenye cheo cha kurithi, kwa kura 14 dhidi ya 12.

Tukiutumia mfano huu kwenye mafunzo ya mpiga kura, mkono wa kwanza kunyooshwa huwa wa mtu anayesema kura ziliibwa. Hazikuibwa. Hesabu zote zilifuata katiba iliyokuwa imerekebishwa mwaka huohuo. Ndiyo maana ninauthamini mfano huu kuliko mingine yenye vurugu na masanduku yaliyopotea: unatulazimisha tuzitazame kanuni zilizowekwa kabla ya mtu yeyote kupanga foleni kituoni.

Tonga iko Pasifiki ya Kusini. Ina visiwa zaidi ya 170 na watu wapatao laki moja, wengi wao wakiishi kisiwa kikuu cha Tongatapu. Katiba yake ilitolewa na Mfalme George Tupou wa Kwanza mwaka 1875, na kwa zaidi ya miaka mia moja mamlaka ya serikali yalibaki mikononi mwa mfalme. Mawaziri aliwateua yeye, wakakaa madarakani kwa ridhaa yake, na kwa uwaziri wao wakapata viti bungeni. Makabaila walichagua wabunge tisa kutoka miongoni mwao. Wananchi wengine wote nao walichagua tisa. Mwananchi aliweza kumpeleka bungeni mtu hodari na mwaminifu, lakini huyo mtu hakuwa na njia ya kumwondoa waziri hata mmoja. Pōhiva aliingia bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1987, na mwaka 1996 alifungwa jela kwa kosa la kulidharau bunge hilohilo.

Mabadiliko yalikuja kwa shinikizo. Mwaka 2005 watumishi wa umma waligoma kwa wiki kadhaa. Tarehe 16 Novemba 2006 ghasia zilizuka Nukuʻalofa, mji mkuu, sehemu kubwa ya maduka ya katikati ya mji ikateketea na watu wanane wakafa. Mfalme George Tupou wa Tano alitangaza, siku chache kabla ya kuvishwa taji Agosti 2008, kwamba angeachia sehemu kubwa ya madaraka yake. Kisha Agosti 2009 ikazama meli ya abiria Princess Ashika, ambayo serikali ilikuwa imeinunua muda mfupi tu kabla ya hapo. Watu 74 walikufa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba meli hiyo haikufaa kabisa kwenda baharini. Kwa taifa la visiwa, ambako meli ndiyo barabara, swali la nani anaweza kumwajibisha waziri halikuwa tena la wanasiasa peke yao.

Katiba iliyorekebishwa ilitoa jibu lifuatalo. Bunge lingekuwa na wabunge wa kuchaguliwa 26. Wananchi wangechagua 17, kila mmoja katika jimbo lake, na makabaila wangeendelea kuchagua tisa. Wabunge hao 26 ndio wangemchagua waziri mkuu, kwa kura ya siri. Msomaji wa Tanzania au Kenya aliyezoea kumpigia rais kura moja kwa moja aizingatie hatua hii, kwa sababu mpiga kura wa Tonga hapewi karatasi yenye jina la kiongozi wa serikali. Anampa mbunge wake kura, kisha mbunge anaingia chumbani na kuchagua kwa niaba yake.

Sasa tufanye hesabu. Wingi wa 26 ni 14. Makabaila wakishikamana wana tisa mkononi, hivyo wanahitaji wabunge watano tu wa wananchi ili kuunda serikali. Wananchi wakitaka kuunda serikali bila kabaila hata mmoja, lazima viti 14 kati ya 17 viende upande mmoja. Mwaka 2010 chama cha Pōhiva kilikuwa na 12. Tisa na watano ni 14, na hiyo ndiyo kura aliyoipata Tuʻivakanō. Vyeo vya ukabaila nchini humo ni 33, vya kurithi, vyote vya wanaume. Kwa hiyo kundi la watu wanaoweza kukaa ukumbi mmoja mdogo lilichagua zaidi ya theluthi moja ya bunge. Kwangu huo si uwiano wa haki, ingawa naelewa kwamba bila hatua hiyo ya katikati huenda mageuzi yenyewe yasingepita.

Lakini kuna upande wa pili ambao wapenda mageuzi huuruka, nao ni muhimu vilevile. Chama kilichopata viti 12 kati ya 17 kilipata chini ya theluthi moja ya kura zote za wananchi. Karibu theluthi mbili zilikwenda kwa wagombea binafsi. Iliwezekanaje? Wagombea walikuwa zaidi ya 140 kwa majimbo 17, yaani wastani wa zaidi ya wanane kila jimbo, na mshindi alikuwa yule aliyewazidi wenzake hata kwa kura moja. Wagombea binafsi saba wakigawana kura za jimbo, mgombea mmoja wa chama mwenye theluthi ya kura anaondoka na kiti chote. Tume iliyoandaa mageuzi ilikuwa imependekeza njia ambayo mpiga kura anawapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, ili kura zisipotee namna hiyo. Bunge likaikataa, likachagua utaratibu wa anayeongoza ndiye mshindi, uleule tunaoutumia huku kwetu kuchagua wabunge wa majimbo.

Kwa hiyo mpangilio wa kura uliongeza nguvu ya chama, na mgawanyo wa viti ukaipunguza. Waliobaki wameshika ufunguo ni wale wabunge binafsi watano. Walichaguliwa kwa sifa zao binafsi, kisha wakaingia kwenye kura ya siri ambayo wapiga kura wao hawakuwa na njia ya kuikagua. Hapa ndipo ningetaka kila mpiga kura wa mfumo wa bunge, popote alipo, asimame na kuuliza. Mgombea binafsi anapokuja mlangoni akizungumzia maji na barabara, mwulize mbele ya majirani: ukishinda utamuunga mkono nani awe waziri mkuu? Akisema ataamua akifika, ujue unampa kura bila kujua itaishia wapi.

Tuʻivakanō alimpa Pōhiva wizara ya afya. Pōhiva akajiuzulu Januari 2011, sababu mojawapo ikiwa kwamba waziri mkuu aliwateua mawaziri wawili kutoka nje ya bunge, jambo ambalo katiba inaliruhusu hadi mawaziri wanne. Hoja yake ilikuwa na uzito: watu walipigania serikali ya waliochaguliwa. Ila uchaguzi ule haukumpeleka mwanamke hata mmoja bungeni, na mmoja wa wawili hao wa nje, ʻAna Taufeʻulungaki wa wizara ya elimu, ndiye aliyekuwa mwanamke pekee katika baraza.

Katiba pia inazuia kura ya kutokuwa na imani na waziri mkuu kwa miezi 18 ya kwanza baada ya uchaguzi. Kipindi hicho kilipokwisha katikati ya mwaka 2012 hoja ikawasilishwa mara moja, na mwezi Oktoba Tuʻivakanō akanusurika kwa tofauti ndogo.

Mwaka 2014 chama cha Pōhiva kilipungua viti, lakini safari hii wagombea binafsi wa kutosha waliungana naye, naye akawa waziri mkuu wa kwanza asiye kabaila kuchaguliwa na bunge, kwa kura 15 dhidi ya 11. Agosti 2017 Mfalme Tupou wa Sita akalivunja bunge kabla ya muda wake, uwezo ambao mageuzi hayakuugusa. Wananchi wakarudi vituoni Novemba wakakipa chama hicho viti 14 kati ya 17. Bunge lilipopiga kura ya waziri mkuu, Pōhiva alipata 14 na mpinzani wake 12.