Shule za mwaka mzima: dhana ninazozisikia kila Mei

Kila mwaka, Mei inapoelekea ukingoni, hunijia wazazi wenye swali ambalo kwa kweli si swali bali ni hukumu iliyokwisha kutolewa: “Mwalimu, huku Marekani watoto wanakaa bure karibu miezi mitatu. Wangesoma mwaka mzima, kama sisi tulivyosoma, wangejua mengi zaidi.” Husema hivyo mama aliyesomea Bukavu, husema hivyo baba aliyesomea Kisumu, na husema hivyo Mtanzania ambaye amesahau kwamba yeye mwenyewe alifunga shule Juni na akafunga tena Desemba. Kazi yangu ni kuwashauri wazazi wanaozungumza Kiswahili kuhusu elimu ya watoto wao katika shule za umma za nchi hii, na katika kazi hiyo sijakutana na dhana sugu kuliko hii kwamba shule ya mwaka mzima maana yake ni masomo mengi zaidi.

Anayetaka kuhakikisha kwamba si kweli hahitaji kusubiri mtaalamu. Kalamu na kipande cha karatasi vinamtosha. Kalenda ya mwaka mzima inayojulikana zaidi Marekani huitwa 45-15. Watoto husoma siku 45, yaani wiki tisa, kisha hupumzika siku 15, yaani wiki tatu, na mzunguko huo hurudiwa mara nne. Arobaini na tano mara nne ni 180, na siku 180 ndizo zile zile ambazo majimbo mengi yamezoea kuzidai kwa shule za kalenda ya kawaida, ingawa mengine, kama Ohio, siku hizi huhesabu saa badala ya siku. Kilichobadilika ni mahali likizo zilipopangwa, wala si wingi wa masomo. Mwenye kilo nne za unga akizihamisha kutoka gunia moja na kuzitia katika mifuko minne, hapati kilo ya tano.

Watafiti nao wamepima. Paul von Hippel, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, aliwalinganisha watoto wa shule za mwaka mzima na wenzao wa kalenda ya kawaida, akakuta kwamba wale wa mwaka mzima hujifunza zaidi katika miezi ya joto, wenzao wakiwa nyumbani, lakini hujifunza machache kuliko wenzao katika miezi iliyobaki, kwa sababu hapo ndipo wao wanapokuwa likizo huku wenzao wakiwa darasani. Mwaka ukifungwa, hesabu inalingana. Katika Wake County, jimbo la North Carolina, shule 22 zilihamishiwa kalenda ya mwaka mzima kwa mkupuo mwaka 2007, na wachumi waliofuatilia alama za mitihani hawakuona tofauti yenye uzito kwa mwanafunzi wa wastani. Anayeamini kwamba likizo ndefu peke yake hudidimiza elimu ya taifa, na aitazame Estonia, ambako watoto hufunga shule Juni na kurudi tarehe 1 Septemba, na ambayo katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa 2022 iliongoza Ulaya nzima kwa hisabati na sayansi.

Kuna pia sura ya shule ya mwaka mzima ambayo wanaoisifu hawajaiona. Shule nyingi zilizoingia katika kalenda hiyo, hasa California, ziliingia kwa sababu watoto walikuwa wengi kuliko madarasa. Wanafunzi waligawanywa katika mikondo, na kila mkondo ukaenda likizo kwa zamu, ili jengo moja libebe watoto ambao halikujengewa. Baadhi ya shule za Los Angeles zilifuata mpango ulioitwa Concept 6, wenye mikondo mitatu, miwili ikiwa darasani na mmoja ukiwa nyumbani, ambapo kila mtoto alipata siku 163 za masomo kwa mwaka, fidia yake ikiwa ni kurefushwa kwa kila siku kwa dakika kadhaa. Na shule hizo zilikuwa za nani? Kwa sehemu kubwa zilikuwa za watoto wa maskini na wa wahamiaji, watoto kama wa hao wanaoniambia kwamba mwaka mzima ndio dawa. Kesi ya Williams, iliyofunguliwa mwaka 2000 dhidi ya jimbo la California kuhusu hali duni ya shule zake, ilimalizika kwa makubaliano ya mwaka 2004, na mpango huo wa siku 163 ukawekewa ukomo wa mwaka 2012. Mchumi Jennifer Graves, aliyechunguza shule za mikondo za jimbo hilo, alikuta kwamba alama za wanafunzi zilishuka, na walioumia zaidi walikuwa wale wale waliokwisha kuwa nyuma.

Linalonichosha zaidi ya dhana yenyewe ni kwamba mzazi huyo huyo anayelalamikia likizo ndefu ndiye ninayemkuta Januari akiomba barua ya kumwombea mtoto ruhusa, kwa kuwa nauli imeshuka baada ya sikukuu na familia inakwenda Dar es Salaam kwa wiki nne. Wiki nne ni siku 20 za masomo. Katika mwaka wa siku 180, anayekosa siku 18, yaani asilimia 10, huhesabiwa kuwa mtoro sugu, na katika hesabu hiyo kwa kawaida haijalishi kama ruhusa ilitolewa au haikutolewa. Bibi kule nyumbani ni lazima aonwe, na mimi sitamzuia mtu kumpeleka mjukuu kwa bibi yake. Lakini wiki kumi za Juni, Julai na Agosti ndizo zilizo wazi kwa safari hiyo, na tofauti ya nauli, ingawa inauma, ni nafuu kuliko mwezi mzima wa darasa la pili ambamo mtoto angefundishwa kukopa katika kutoa. Kwa kalenda ya 45-15, likizo zenyewe ni za wiki tatu tatu, na ukitoa siku za kusafiri na siku za mtoto kuzoea saa za huku baada ya kurudi, bibi atabakiwa na wiki mbili.

Dhana ya pili ni maarufu hata kwa Wamarekani wenyewe, nao ndio waliotuambukiza: eti likizo ndefu ni masalia ya enzi za kilimo, watoto walipohitajika shambani. Nashangaa wanaponiambia hivyo watu waliokulia Kigoma au Kivu, kwani mtoto wa mkulima hahitaji kuelezwa kwamba kazi ya shamba hukaza wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna. Mahindi ya Ohio hupandwa Aprili na Mei, na huvunwa kuanzia Septemba hadi Novemba. Julai ndio mwezi wa kuyatazama yakikua. Ndiyo maana shule za vijijini za karne ya 19 zilifanya kinyume cha dhana hii: zilifunguliwa wakati wa baridi na tena wakati wa joto, zikafungwa katika majira ya kupanda na ya kuvuna. Mijini nako, shule zilikuwa wazi karibu mwaka wote, na New York ya mwaka 1842 ilikuwa na zaidi ya siku 240 za masomo, isipokuwa kwamba kuhudhuria hakukuwa lazima na watoto wengi hawakuonekana darasani. Likizo ya majira ya joto ilizaliwa wakati wa kuzisawazisha kalenda za mjini na za kijijini, ikisukumwa na joto la majengo yasiyo na hewa, hofu ya magonjwa, familia zenye uwezo zilizohama miji Julai na Agosti, na imani ya wanamageuzi wa wakati ule, Horace Mann akiwa mmoja wao, kwamba akili ya mtoto ikifanyishwa kazi kupita kiasi huharibika. Leo anayeilinda likizo hiyo zaidi ni biashara ya utalii. Virginia ilipitisha mwaka 1986 sheria, iliyolegezwa mwaka 2019, ya kuzizuia shule kufunguliwa kabla ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya Septemba, na watu wakaibandika jina la bustani kubwa ya michezo ya jimbo hilo, Kings Dominion, kwa kuwa walijua ni nani aliyenufaika nayo.

Kwamba walimu “hulipwa wakiwa wamelala” nalijibu kwa sentensi moja: mikataba yao mingi ni ya miezi kumi hivi, na anayepokea mshahara hadi Agosti mara nyingi amegawiwa fedha za miezi hiyo kumi ili zimfikishe mwisho wa mwaka.

Dhana kwamba mtoto hurudi Septemba akiwa amesahau kila kitu inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Harris Cooper na wenzake mwaka 1996 yalionyesha kwamba kwa wastani watoto hurudi nyuma kwa kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, hisabati ikiathirika kuliko kusoma. Huko Baltimore, Karl Alexander na Doris Entwisle, waliowafuatilia watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 1982, walihitimisha kwamba sehemu kubwa ya pengo kati ya maskini na wenye nacho hujengeka wakati shule zimefungwa. Baadaye von Hippel, ambaye awali aliyaamini matokeo hayo, aliyarudia kwa mitihani iliyotungwa vizuri zaidi, pengo likakataa kupanuka kama ilivyodaiwa. Mitihani ya zamani ilibadilishwa mtoto alipopanda darasa, na kulinganisha alama za karatasi mbili tofauti ni kama kupima kitambaa kwa mkono wako leo na kwa mkono wa mwanao kesho. Msimamo wangu ni wa kati: katika likizo watoto wengi husimama, baadhi huteleza kidogo, na hakuna anayesahau kila kitu.

Kwa hiyo wazazi wanaokimbilia tuisheni ya Julai kutwa nzima hawaniridhishi. Kenya ilipiga marufuku tuisheni ya likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na ingawa wengi wanaikwepa, sababu ya kuiweka ilikuwa njema. Ninachopendekeza, na wanaonifahamu wamechoka kukisikia, ni vitabu 12. Richard Allington na Anne McGill-Franzen waliwapa watoto wa shule za mitaa maskini ya Florida vitabu 12 kila likizo, kwa likizo tatu mfululizo, vitabu ambavyo watoto walijichagulia wenyewe, na watoto hao wakawapita kwa kusoma wenzao ambao hawakupewa. Sharti la kujichagulia ndilo ambalo wazazi wetu hulivunja kwanza. Mtoto akichukua maktaba kitabu cha katuni cha mbwa anayevaa suruali, mama hukirudisha rafuni na kumpa kitabu cha sayari, na hapo zoezi zima limekufa. Mwache na mbwa wake. Jioni mwambie akusimulie kwa Kiswahili alichokisoma, kwa sababu kusimulia upya ni kazi ya akili sawa na kusoma, na kwa sababu Kiswahili chake nacho kinahitaji mahali pa kutumika.

La mwisho si la masomo, lakini kila likizo huniumiza kichwa. Wapo wanaoamini kwamba chakula cha bure cha mchana hufungwa pamoja na shule, au kwamba katika majira ya joto hutolewa kwa raia peke yao. Katika vituo vya wazi vya mpango wa chakula wa serikali ya shirikisho, ambavyo huwekwa katika maktaba, bustani na shule zenyewe, kila mtoto wa miaka 18 au chini yake hupewa chakula bila kuandikishwa na bila kuulizwa karatasi yoyote. Mwaka 2024 ulianza pia mpango wa kumpa kila mtoto anayestahili dola 120 za chakula kwa kipindi hicho cha likizo, ingawa baadhi ya majimbo yalikataa kushiriki. Mzazi asiyejua kilipo kituo na aulize katika ofisi ya shule kabla haijafungwa Juni.