Je, wajua? Kwa nini watu waliokuwa na ng'ombe tele bado walikuwa wanaingia porini kuwinda

Hivi mtu mwenye zizi limejaa ng'ombe, mbuzi na kondoo anafuata nini porini? Swali hili linakuja ukiangalia mifupa iliyofukuliwa bonde la Limpopo, pale mto Shashe unapoingia Limpopo na mipaka ya leo ya Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe inakutana. Miaka kama 1000 iliyopita pale kulikuwa na vijiji vikubwa, kwanza Schroda (mwaka 900 mpaka 1000 hivi), halafu K2 mpaka kama 1220, halafu Mapungubwe yenyewe ambayo iko kama kilomita moja tu kutoka K2. Mapungubwe watu wanaijua kwa ile sanamu ndogo ya kifaru ya dhahabu na kweli ni kitu cha ajabu, ila mimi kinachonivuta zaidi ni jalala la K2, maana dhahabu walizikwa nayo wakubwa peke yao lakini mifupa ya kwenye jalala ilitupwa na kila nyumba.

Kwanza tuelewane mifupa inasomwaje, kwa sababu ukiiona tu utasema hii ni takataka. Vingi ni vipande vidogo, watu walikuwa wanapasua mifupa kula uboho, mbwa wakatafuna vilivyobaki, na nungunungu naye ana tabia ya kuguguna mifupa mikavu na kubeba mingine hadi shimoni kwake. Kwa hiyo udongo unapitishwa kwenye chekeche, kila kipande kinaoshwa, kinalinganishwa na mifupa ya wanyama wa leo ambao spishi yao inajulikana. Shida ni kwamba kipande cha ng'ombe na cha nyati vinafanana mno, na mbuzi na kondoo ndio usiseme, hata mtaalamu mara nyingi anaandika tu "mbuzi au kondoo" anaendelea. Siku hizi maabara wanaweza kuchukua chembe ya mfupa wakasoma protini ya kolajeni iliyomo, na hiyo inasaidia kutofautisha wanyama ambao kwa macho wamegoma kutofautishwa.

Kipande kinachopendwa kuliko vyote ni taya la chini. Ng'ombe ana meno ya utotoni yanayong'oka kama ya mtoto wa binadamu, na gego lake la mwisho linatokea akiwa na miaka miwili mpaka miwili na nusu hivi. Sasa ukishika taya ambalo gego hilo ndio kwanza linachungulia, unajua mnyama huyu alichinjwa kijana. Ukikuta gego limelika mpaka limekuwa bapa, basi huyo alikula majani miaka mingi sana. Na yule aliyefikia uzee hakuachwa kwa bahati, kuna mtu mwaka hadi mwaka aliamua asimchinje. Madume wengi wakiwa wamekufa vijana na majike wakazeeka, hapo unaona kabisa mfugaji anayetaka maziwa na ndama.

Na hapo ndipo jibu la swali letu linapoanzia. Ng'ombe kwa jamii zile alikuwa maziwa, alikuwa mahari, alikuwa njia ya kufunga urafiki na ukoo mwingine, na ukimchinja umekula mtaji. Mifupa ya ng'ombe pale K2 ni mingi kweli, walikuwa wanachinja, hasa nyumba za wakubwa na kwenye shughuli, ila kitoweo cha kila siku hakiwezi kutegemea zizi peke yake. Ndio maana kwenye jalala hilohilo unakuta swala pala, pundamilia, hata kobe na samaki. Swala hapunguzi mahari ya mtoto wako.

Halafu walikuwa wakulima pia, hili watu wanalisahau. Walilima mtama, uwele na kunde, na yeyote aliyewahi kulima karibu na pori anajua mazao yakikaribia kuiva wageni wanakuja usiku. Mtego ukiwekwa pembeni ya shamba unalinda mavuno na unaleta nyama kwa mpigo mmoja. Sidhani kama kulikuwa na mstari mkali kati ya kazi ya shamba na kazi ya uwindaji kwa watu wale, sisi ndio tunaoichora.

Lakini sababu kubwa kwa maoni yangu ni biashara, na hapa stori inafika mpaka pwani yetu. Schroda wamepata vipande vya pembe za ndovu vilivyochongwa, pamoja na mifupa ya wanyama wala nyama kwa wingi kuliko kawaida ya kijiji, na hao hawawindwi kwa ajili ya supu, wanatafutiwa ngozi. Pembeni yake kuna shanga za kioo zilizokuja kwa Bahari ya Hindi, zikipitia bandari kama Chibuene kwenye pwani ya Msumbiji. Msafiri wa Kiarabu al-Masudi, aliyefika pwani ya Afrika Mashariki karibu mwaka 916, aliandika kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanj, jina ambalo Waarabu waliita pwani hii, zilipelekwa Oman na kutoka hapo zikaenda India na China, na akataja pia ngozi za chui. Yaani bangili aliyovaa mwanamke wa India inaweza kuwa imeanzia kwa mwindaji wa porini huko kusini ambaye nyumbani kwake ana ng'ombe. Na biashara hii ina mizizi mirefu zaidi, maana kule KwaZulu-Natal, mashariki mwa Afrika Kusini, kwenye vijiji kama KwaGandaganda na Ndondondwane pembe zilizochongwa karne ya 7 mpaka ya 10 zilipopimwa kikemikali zilionyesha tembo walikuwa wamekula kwenye mazingira tofauti tofauti, kwa hiyo hazikutoka kwa kundi moja la jirani, zilikusanywa kutoka sehemu mbalimbali.

Pamoja na yote hayo ng'ombe alibaki na hadhi yake. Wafukuaji wa miaka ya 1930 walikuta K2 ng'ombe waliozikwa kwa makusudi, hawakuliwa wala kutupwa, walizikwa na vyungu. Zizi kubwa lilikuwa katikati ya kijiji karibu na baraza la wanaume, mpaka jalala la pembeni likakua na kukua likalifunika zizi lenyewe, na karibu mwaka 1150 hivi ng'ombe wakahamishiwa sehemu nyingine. Walipohamia Mapungubwe hawakuweka tena zizi kubwa katikati ya mji, ila chimba majalala ya Mapungubwe na mifupa inayotoka kwa wingi ni ya ng'ombe vilevile.