Kikombe, kipimo na kidonge: dhana potofu kuhusu VVU

Vijiweni Kilombero, Arusha, au Mbuyuni, Moshi, bado wapo wanaosema UKIMWI ni biashara ya wazungu. Kuwacheka hakusaidii. Wengi wao wameona jambo kwa macho yao, ila wamelisoma vibaya.

"Alikunywa kikombe cha Babu, akanenepa, amepona."
Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyeitwa Babu, wakalipa Sh 500 na kunywa maji ya mizizi ya mugariga iliyochemshwa. Baadhi ya waliokuwa kwenye ARV, dawa za kufubaza VVU, wakaacha dozi. Aliyemeza dawa vizuri kwa miaka kadhaa huwa na akiba nzuri ya CD4, yaani seli za kinga ya mwili. Akiacha, virusi vilivyojificha ndani ya seli huanza kuzaliana tena, kwa kawaida ndani ya wiki chache, lakini kinga hushuka taratibu, kwa miezi au hata miaka. Katika muda huo anakula, anafanya kazi na kutoa ushuhuda. TB ikimwangusha baadaye, nani atakumbuka kuihusisha na kikombe? Na akienda kupima angali mnene, wingi wa virusi utakuwa umeshapanda. Unene si kipimo.

"Havionekani, kwa hiyo nimepona."
Hii ni ndugu yake ile ya juu, tena imeenea zaidi. Jibu la "havionekani" maana yake virusi kwenye damu ni vichache kiasi kwamba mashine haivisomi. Ukivifikisha hapo na kuvishikilia hapo kwa dawa, humwambukizi mwenzako kwa ngono. Ukiacha, vinarudi.

"Mke anavyo, mume hana. Kipimo kinadanganya."
Hapana. Tendo moja haliambukizi kila mara, na tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takribani 60%. Kuna wenza wanaoishi hivyo miaka mingi. Asiye na virusi arudie kupima, maana maambukizi mapya huweza kutoonekana kwenye kipimo cha haraka hadi miezi 3. Na kama kondomu ilipasuka jana, asisubiri miezi hiyo: dawa za kinga huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28.

"Kirusi hakijawahi kuonekana."
Kilitengwa mwaka 1983 katika Taasisi ya Pasteur, Paris, na Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wakatunukiwa Nobel mwaka 2008. Peter Duesberg, mwanasayansi aliyedai tangu 1987 kwamba VVU havileti UKIMWI, alisikilizwa na Rais Thabo Mbeki, na Afrika Kusini ikachelewa kugawa ARV. Watafiti wa Harvard walikadiria kwamba ucheleweshaji huo uligharimu maisha ya zaidi ya watu 330,000.

"Dawa ndizo zinazoua."
Chanzo chake ni AZT, ARV ya kwanza, ya mwaka 1987: miligramu 1,200 kwa siku, mara mbili ya dozi iliyotumika baadaye, na wengi waliishiwa damu. Kidonge cha sasa, TLD, kina tenofovir 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50, kimoja kwa siku. Kikikukosesha usingizi, kimeze asubuhi. Figo zipimwe, kwa sababu ya tenofovir. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni vitu vidogo: dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu huzuia dolutegravir isinyonywe, hivyo meza TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Vidonge vya kuongeza damu vinaweza kumezwa pamoja nayo, mradi ni wakati wa chakula. Anayetumia rifampicin ya TB huongezewa dolutegravir 50 nyingine, saa 12 baada ya ile ya kwanza. Ndiyo maana mwambie mhudumu wa CTC (kliniki ya VVU) kila unachomeza, hata kile cha mganga.